Vibuyu Vinane vya Kwenda Mikumi

Jambo lote lilinigharimu shilingi kumi na moja na senti arobaini, jogoo mmoja, pishi mbili za karanga, asali ya kujaza kibuyu kimoja, na ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kushoto. Nimehesabu mara mbili. Mke wangu, ambaye huhesabu baada yangu, anasema nimesahau chumvi. Haya, na chumvi.

Na nilikuwa nimeapa tangu mwanzo kwamba halitanigharimu hata senti.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Azimio, nchi nzima ikitembea. Vijana walitoka huku wakaenda kule, wa kule wakaja huku, wakakutana njiani wakapeana mikono. Tawi letu la Kilosa mjini nalo likaamua kwamba haliwezi kuachwa nyuma. Tutatembea mpaka Mikumi, tukasalimiane na wenzetu, tuchimbe nao msingi wa shule, turudi. Treni ya Kidatu ilikuwa inapita Mikumi na nauli yake haikuwa ya kumliza mtu, lakini ilielezwa mkutanoni kwamba hakuna aliyewahi kuonyesha mapenzi ya nchi kwa kukata tiketi.

Mimi kutembea hakukuwa kwenye damu yangu. Nilikuwa na meza sokoni Kilosa, nauza vitana, sindano, nyembe, betri za tochi na vitu vingine ambavyo mtu hakumbuki kwamba anavihitaji mpaka avione. Mwenye meza hutembelewa. Yeye hatembei.

Lakini palikuwa na msichana. Alikuwa ametoka kwao Mikumi kuja kukaa na shangazi yake, muuza vitunguu, meza ya pili kutoka yangu. Siku ya kwanza alichukua kitana cha senti sitini, akakishusha mpaka ishirini na tano akijifanya hana haja nacho, kisha akasimama pale pale ananitazama.

"Nini tena, dada?"

"Nyongeza."

"Nyongeza ya kitana?"

"Sindano moja. Ndogo."

Nikampa. Jioni nikapiga hesabu, nikarudia. Ama nimwoe yule mtu, ama nihame soko.

Mama akapeleka maneno Mikumi kwa njia zake, na msichana akaitwa arudi kwao. Majibu yakaja kutoka kwa baba wa msichana, ambaye alikuwa balozi wa nyumba kumi na mtu wa kupima maneno kama anayeuziwa kwa ratili. Alisema hivi: "Huyo kijana wa meza, mdomo wake nimeusikia. Miguu yake sijaiona. Naambiwa vijana wa Kilosa wanakuja kwa miguu. Aje nao. Akifika amesimama, tutaongea. Akija kwa treni, asiteremke."

Kwa hiyo siku ya kuandikisha watembeaji wa Azimio nilikuwa wa kwanza mlangoni. Katibu wetu wa tawi, kijana wa suruali ya kaki na filimbi shingoni, alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi anaingia kisimani kwa hiari yake.

"Ndugu, wewe?"

"Mimi, Ndugu Katibu. Nchi inaita."

Watu tukafika tisa. Katibu akatoa shilingi kumi na tano za tawi, akaziweka mbele yangu moja moja. "Wewe unajua bei za vitu. Tununulie vyombo vya maji vya safari. Chenji utarudisha."

Hayo ya chenji niliyasikia kama unavyosikia honi ya treni ambayo hupandi.

Sasa, maji ya safari ndefu usiyahesabu kama kinywaji. Yahesabu kama mzigo unaopungua. Chombo chake lazima kiwe chepesi kuliko maji yenyewe, kisivuje, kisinuke, na kikianguka kisikuachie kilio. Nilivipitia vyombo vyote vya Kilosa kwa kichwa kabla ya kunyanyua mguu.

Debe ni kubwa na halivunjiki, lakini halina mdomo wa kuziba. Ukitembea nalo kichwani kutwa, ukifika unakuta nusu ya maji imo na nusu umeivaa. Mtungi una maji ya baridi ya ajabu, ila ukijikwaa mara moja umebaki na kata mkononi. Chupa za bia zilikuwa za bure nyuma ya kilabu, lakini Katibu alikataa kabla sijamaliza sentensi. Vijana tisa wa Azimio, alisema, wanapita vijijini chupa mdomoni! Watu wataunga mkono nini?

Mtani wangu ndiye aliyeleta shauri la mpira. Alikuwa Mnyamwezi, fundi wa reli, tumezoeana tangu alipohamishiwa stesheni ya Kilosa. Kwa asiyejua utani ni nini: wazee wa makabila fulani walipatana zamani kwamba watatukanana, watanyang'anyana na kuzikana, na hakuna atakayenuna. Mtani akikuvua kofia barabarani, ukicheka umefanya haki. Ukinuna, utatozwa faini na utachekwa vile vile.

"Mpira wa ndani wa tairi la lori," alisema. "Unaukata, unafunga huku, unajaza, unafunga kule. Unauvaa begani. Nani atauvunja?"

"Na ladha?"

"Kwani unakunywa kwa ladha au kwa kiu?"

Nilimwachia mpira wake, nikaenda dukani karibu na stesheni, maana nilisikia yamefika magaloni ya plastiki. Plastiki ilikuwa kitu kipya, watu walikuwa wanaigonga kwa kucha kusikiliza. Mwenye duka alikuwa mzee wa miwani aliyeniuzia bidhaa za meza yangu tangu nianze biashara.

"Hili bei gani, mzee?"

"Sita."

"Shilingi?"

"Unataka nikutajie kwa ndizi?"

"Nina mbili."

"Mbili utapata kifuniko."

"Na bila kifuniko?"

"Bila kifuniko utabebea nini, hasira?"

Nikafungua, nikanusa. "Mzee, hili lilikuwa na mafuta ya taa."

"Sasa halina. Kuyatoa sikutozi."

Basi nikafanya ninavyofanya siku zote: nikaliweka chini taratibu, nikapumua kwa huzuni, nikageuka kuondoka. Hapo ndipo mwuzaji huita. Nikafika mlangoni, kimya. Nikafika barabarani, jua likanipokea. Nikafika duka la tatu kutoka pale nikisikiliza kwa kisogo, na ndipo nilipokumbuka kwamba mbinu ile ya kuondoka taratibu, yeye ndiye aliyenifundisha.

Nikasimama juani na shilingi zangu kumi na tano, na ndipo akili ikanijia. Kununua kwa nini? Kila nyumba ya Kilosa ina vibuyu viwili vitatu vimening'inia jikoni. Kibuyu ni chepesi kama kofia. Kina shingo ya kufunga kamba na mdomo wa kuziba kwa gunzi la mahindi. Kinatoa jasho kidogo kwa nje na maji yanabaki ya baridi. Katibu alikwisha apa kubeba debe lake mwenyewe kama mfano kwa umma, mtani ana mpira. Waliobaki ni saba. Nikaazime vibuyu saba, na shilingi kumi na tano zilale salama mfukoni mwangu.

Sijawahi kuona biashara laini kama ile. Kina mama wa mtaani kwetu hawakuniuliza hata nitarudi lini. Kila mmoja alishusha kibuyu chake, akakifuta vumbi kwa upindo wa kanga, na kabla hajanipa akatia kitu ndani.

"Chombo hakiendi safari kitupu, mwanangu, ni mkosi," alisema wa kwanza, akatia kiganja cha karanga.

"Chukua na chumvi kidogo, huko porini hakuna chumvi," alisema wa pili.

Wa tatu alitia kunde. Wa nne, togwa, nikainywa hapo hapo mlangoni. Nilirudi nyumbani nimening'iniza vibuyu saba kama mti wa kibuyu wenyewe, nikavipanga mkekani, nikavihesabu, nikavihesabu tena, nikamwita mama aje aone mwanaye alivyo na akili.

Mama akatazama. Akachukua kimoja, akakitikisa.

"Uliviomba vitupu?"

"Niliviomba vitupu, wakanipa na vitu! Bure!"

Mama alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akafuta macho.

"Chombo kilichokuja na kitu hurudi na nini?"

Nikavitazama tena vile vibuyu mkekani. Kila mtoto wa kwetu analijua hilo kabla hajajua jina la baba yake. Jirani akikuletea uji kwenye bakuli, bakuli halirudi tupu. Ukilirudisha tupu, umesema neno, na neno lenyewe si zuri.

"Mama, kiganja cha karanga!"

"Kinakwenda kiganja, kinarudi kibaba. Utarudisha chombo kina pungufu, mwanaume mzima mwenye meza sokoni? Umekopa kwa riba, mwanangu, kwa wanawake saba. Na mvua ya mwaka huu ilikuwa haba, walikuwa wanatafuta mtu."

Aliingia ndani akatoka na kibuyu cha nane. Chake. Kikubwa, shingo imefungwa kwa uzi mweusi, gunzi limegandishwa kwa nta pande zote.

"Hiki hufungui. Utamkabidhi mama wa yule binti mkononi mwake."

"Kuna nini ndani?"

"Ya ndani hayakuhusu. Wewe beba chombo."

Nikakipima mkononi. Kilikuwa kizito kuliko maji ya ukubwa ule.

Tuliondoka asubuhi kwa filimbi ya Katibu na wimbo ambao ulidumu mpaka tulipovuka daraja. Wakulima wa Masanze walisimamisha majembe kututazama.

"Mnakwenda wapi?"

"Mikumi, baba! Tunaunga mkono!"

"Treni imeharibika?"

Kufikia jua la utosini nilikuwa nimejifunza mambo ya vyombo ambayo hakuna duka linaloyauza. Kwamba kibuyu hakisahau. Maji ya kibuyu cha karanga yalikuwa na harufu ya karanga, ya kile cha togwa yalianza kuchachuka kabla ya chakula, na kile cha chumvi, ambacho nilikuwa nimekisuuza mara moja badala ya mara mbili, nilimpa mwenzetu mmoja aliyependa kusema kwamba yeye hachagui. Katibu alitia matawi ya majani juu ya maji ya debe lake yasirukeruke, akatembea chini yake shingo imenyooka kama mtu anayepigwa picha. Mtani alikuwa na mpira wake begani kama chatu aliyeshiba.

"Maji yakoje?" nilimwuliza.

"Mazuri. Nikimeza nasikia gia inaingia."

Treni ya Kidatu ikatupita. Mafundi wenzake mtani wakachungulia madirishani, wakamwita kwa jina la kazini, wakamtupia pingili ya muwa na matusi ya kirafiki. Yeye alikuwa na haki ya kupanda ile treni bila kulipa hata senti, na alikuwa anatembea kwa sababu nilimwambia kwamba Mikumi kuna harusi. Sikusema ni lini.

Tukalala Ulaya. Ndiyo Ulaya yetu, ile iliyoko njia ya kwenda Mikumi. Mpaka leo ndiyo Ulaya pekee niliyofika, na nilifika kwa miguu.

Asubuhi tulijaza kila kitu mtoni, maana tuliambiwa mbele huko makorongo yamekauka. Tukaingia kwenye miombo. Nyasi zilikuwa ndefu, za rangi ya simba, na kila mtu aliliona hilo na hakuna aliyelisema. Kisha kitu kikakoroma nyasini, karibu.

Sikumbuki aliyeanza kukimbia. Katibu anasema ni mimi. Ninachojua ni kwamba kisiki kilinichukua ukucha, kwamba vibuyu vitatu viligongana na miti vikapasuka kwa sauti moja ya huzuni, na kwamba mtani alipita katikati ya miiba ya migunga akatoka upande wa pili na mpira unaovuja kama chekeche. Katibu hakukimbia. Siyo ushujaa, mtu mwenye debe la maji kichwani hakimbii. Alichofanya ni kulitupa. Lile debe lilianguka juu ya jiwe kwa kishindo ambacho nadhani kilisikika Kidodi, na nyasi zikafunguka akatoka ngiri, mkia juu kama fimbo ya bendera, akatokomea.

Debe liliokoa watu tisa, likamwaga maji ya watu tisa.

Vibuyu vinne vilivyosalia tulivimaliza kabla jua halijasogea. Baada ya hapo ilikuwa kutembea tu, midomo imekauka, hakuna wimbo, hakuna Azimio. Na kiunoni mwangu kile kibuyu cha mama, kimejaa, kinanipiga paja kila hatua. Nilihisi macho manane mgongoni, halafu kumi na sita.

"Mtani," alisema mtani.

"Hapana."

"Sijasema kitu."

"Ulichotaka kusema, hapana. Hiki ni cha mama mkwe."

"Mama mkwe gani? Hujaoa. Ukifa hapa kwa kiu utaoa?"

"Hakifunguliwi."

"Ukiona mtani wako anakufa na wewe umeshika maji, sheria inasemaje?"

Sheria ilikuwa upande wake, na mkono wake ulikuwa mrefu. Alikichomoa, akabandua nta kwa meno, akang'oa gunzi, akainua kichwa, akabugia funda kubwa la mtu aliyekata tamaa.

Akasimama. Mashavu yamejaa. Macho yakamtoka taratibu, kwanza kwa mshangao, halafu kwa maumivu. Alitaka kumeza, haikumezeka. Alitaka kutema, na kutema asali ni dhambi kwao. Ikamchukua muda mrefu sana, sote tunamtazama.

"Mtani," alisema hatimaye, midomo imegandamana. "Sasa nina kiu mbili."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichobeba. Asali ya mama ndiyo posa yenyewe. Na posa yangu ilikuwa imepungua funda moja la Mnyamwezi.

Tulipata maji kwa kuchimba mchanga wa korongo kwa vipande vya vibuyu vilivyopasuka, kwa hiyo siwezi kusema vilikuwa havina kazi. Mimi hata kunywa sikunywa kwa raha. Nilikuwa nalikandamiza lile gunzi, naisugua ile nta kwa kidole, nalitazama kwa mbali, nalitazama kwa karibu. Mwuzaji mzoefu anajua: mnunuzi huona kwanza pale ulipoziba.

Baba wa msichana alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, si mbali na reli. Hakunitazama usoni. Alitazama miguu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefika umesimama?"

"Nimesimama, baba."

"Naona umesimamia mmoja."

"Wa pili upo, baba. Unapumzika."

Mama wa msichana akatoka. Nikapiga goti, nikamkabidhi kibuyu kwa mikono miwili kama nilivyoagizwa. Yeye hakukifungua. Alikipima kama nilivyokipima mimi, akapitisha kidole gumba kwenye nta, mara moja tu.

"Kimeguswa."

Nyuma ya mlango niliona kipande cha kanga na jicho moja, lile lile la kitana. Asali ya posa iliyoonjwa njiani ni kama kumwambia mtu, tumekuletea makombo. Baba aliinua macho kutoka miguuni mwangu kwa mara ya kwanza, na ningependa ayarudishe.

Nilifungua mdomo, mdomo wangu uleule wa sokoni, na kwa mara ya kwanza maishani ukawa hauna bidhaa.

Mtani akasogea mbele, akapiga magoti yote mawili. "Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee. Aliyegusa ni mimi. Mimi ni mtani wake. Niliona nihakikishe kwanza hawawaletei sumu."

"Wewe ni Mnyamwezi?" aliuliza baba.

"Naam, mzee. Wa Tabora kabisa."

"Ndiyo maana." Tumbo la yule mzee likaanza kutikisika kabla ya uso wake. "Hawa walikula mpaka mbegu za babu yangu. Hawajashiba tu?"

"Mzee, zile mbegu zilikuwa na wadudu, tuliwasaidia."

Mzee akacheka, mkewe akacheka, na nyuma ya mlango kikasikika kitu kama mtu anayeziba mdomo kwa kanga. Kisha baba akatoa hukumu.

"Aliyeonja asali ya posa ndiye mshenga. Kuanzia leo maneno ya nyumba hii utayapeleka wewe na ya kule utayaleta wewe. Kwa nauli yako."

"Hilo halina taabu, mzee. Mimi ni mtu wa reli, nauli yangu ni bure."

"Basi kwa miguu yako."

Tukachimba msingi wa shule, tukahutubiwa, tukapigiwa makofi. Kurudi kulikuwa kwa treni. Katibu alieleza kwamba kuunga mkono ni kwenda. Asubuhi ya kuondoka mama wa msichana alikuja stesheni na kile kibuyu, na mimi nikatoka jasho kabla hajanifikia. Kitupu maana yake hapana. Kila aliyekuwa pale alijua, mpaka mpiga kengele.

Akanipa. Kilikuwa kizito! Nikakitikisa karibu na sikio. Si mchele. Si kunde. Kilikuwa kinacheza.

"Ni maji, mama?"

"Ya njiani," alisema, akageuka.

Nilipanda treni na chombo kile mapajani. Mimi ninayejua bei ya kila kitu kutoka wembe mpaka baiskeli, sikujua bei ya maji yale. Si kitupu, kwa hiyo si hapana. Lakini maji! Mtu unampa asali ya nyuki wa milimani, anakurudishia maji? Behewa lilikuwa kama tanuri. Mtani alikitazama kibuyu kwa muda mrefu.

"Nionje? Mimi ni mshenga."

"Ukiyamaliza kitafika kitupu, na mimi nitabaki na wewe badala ya mke."

Akavuta kofia usoni. Hakugusa. Ndiyo mara pekee nilipomwona anaacha haki yake.

Nyumbani mama alikipokea kibuyu mlangoni. Aling'oa gunzi, akamimina kidogo kwenye kata, akanywa taratibu, akanipa nami.

"Wamekubali," alisema.

"Mama, ni maji."

"Umetembea mpaka Mikumi unayatafuta, leo unayaita maji tu? Kisima chao cha kiangazi uliona kiko wapi?"

Nilikuwa nimekiona. Kilikuwa mbali, ng'ambo ya reli na shamba la pamba, na kila alfajiri msichana alikuwa wa kwanza kutoka na wa kwanza kurudi.

"Asiyekutaka hakuchotei," alisema mama. "Wangekuwa wanakataa wangetia mchele. Mchele ni malipo. Wangekulipa asali yako mkaachana hamdaiani. Maji hayalipi asali, na wao wanajua. Wameliacha deni lao wazi makusudi. Watu wanaodaiana huonana tena."

Miaka yote ile sokoni, na bei ile sikuwa nimewahi kuisikia.

Yaliyofuata ni hesabu tu. Vibuyu vinne vilirudi kwa wenyewe vimejaa, na vitatu nilivinunua vipya, nikavijaza pia. Yule wa chumvi alikataa chumvi peke yake, akataka na jogoo, kwa kuwa kibuyu chake, alisema, kilikuwa cha bibi yake. Mama akadai asali yake, ile yote, pamoja na funda la mtani. Na Katibu alinisubiri mezani kwangu na filimbi yake.

"Ndugu, ulinunua vyombo gani?"

"Sikununua, Ndugu Katibu. Niliazima."

"Hongera sana! Huo ndio moyo wa kujitegemea." Akanyoosha mkono. "Kumi na tano."

Akazihesabu mbele yangu. Mara mbili.

Kile kibuyu cha mama kiliendelea na safari peke yake. Kilikwenda Mikumi na karanga, kikarudi na mbegu za mpunga. Kilikwenda na samli tulipopata mtoto, kikarudi na kunde, na katikati ya hapo mtani alichakaza viatu sijui jozi ngapi. Anazo hesabu zake. Hakuna mwaka tulioweza kusema sasa tumemalizana. Mama alifariki kikiwa huko, kimekwenda na kunde pishi moja na nusu. Mama mkwe naye akafuata. Ikaonekana kama kila nyumba inangoja mwenzake aanze.

Sasa nasikia kiko kwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, amekitundika ukutani kwenye duka lake la soda pale Mikumi. Kitupu. Wateja wanakisifu.

Shemeji, kama maandishi haya yamekufikia: zamu ni yenu. Zile kunde nilizipima mwenyewe, usibishe. Dada yako anakitaka kibuyu kile kuliko mimi, ingawa ukimwuliza atasema hana habari nacho, kama alivyofanya kwenye kitana. Nakuomba ukirudishe. Usitie asali wala mchele, tusije tukamalizana uzeeni huku. Tia maji ya njiani. Gunzi nitatafuta mwenyewe.